Msabaha na Sura za Kaisari

Mwaka 1976 jua liliwaka London kama lililotumwa. Nyasi za bustani zilikauka zikawa rangi ya makumbi, serikali ikakataza watu kumwagilia maua, na Waingereza wakawa wanatembea barabarani vifua wazi, wamewiva kama kamba wa baharini. Lakini chini ya shimo moja katikati ya mji, hatua chache kutoka mto Thames, matope yalikuwa mabichi na ya baridi, kana kwamba habari za jua hazijayafikia. Jengo la zamani lilikuwa limevunjwa pale, na kabla halijasimamishwa jipya, wachimbuaji wa mambo ya kale walipewa miezi minne waichokoe ardhi waone ina nini. Wao walichimba kwa vijiko na brashi. Vibarua walibeba udongo.

Miongoni mwa vibarua alikuwamo Msabaha, mtu wa Unguja, umri wake miaka arubaini na minne, mrefu, mkimya, mwenye vidole vyembamba visivyoelekea kabisa na kazi ya kusukuma toroli. Msimamizi wao alikuwa Balbir, Kalasinga mzaliwa wa Nakuru, jirani yake huko Hayes, pembeni mwa London, ambaye ndiye aliyemtafutia kazi ile. Wawili hao walizungumza Kiswahili kutwa nzima, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake hakijui.

Jumanne moja, adhuhuri inakaribia, kibarua mwenzao alirusha bonge la uchafu ndani ya toroli la Msabaha. Lilikuwa kubwa kama nazi iliyofuliwa, jeusi, lina ukoga wa kijani huku na huku. Msabaha akasukuma hatua tatu, akasimama. Toroli lilikuwa limeelemea upande mmoja.

Akainama, akalishika lile bonge kwa mikono miwili. Chuma kina uzito wake, na risasi ina uzito wake. Hili halikuwa na uzito wa kitu chochote kinachotupwa. Akalitemea mate, akalisugua kwa dole gumba, akalinusa. Weusi wake ulikuwa na ubuluu kwa ndani, kama moshi wa ubani.

"Balbir," akaita. "Hebu njoo hapa."

"Nini tena?"

"Hii fedha."

Balbir alilitazama, akacheka. "Fedha gani, bwana? Hayo ni mavi ya chuma. Tangu asubuhi tumetupa karai zima."

"Nakwambia ni fedha. Tena si kipande kimoja. Ni vingi vimeshikamana."

"Na wewe umejuaje?"

Mtu akikuuliza umeijuaje sauti ya mama yako gizani, utamwambiaje?

Balbir alimwona uso, akaacha kucheka. Akaenda mwenyewe kumwita mkuu wa wachimbuaji, Mwingereza mwenye ndevu nyekundu zilizojaa vumbi. Yule bwana alilipokea bonge, akaligeuza, akaanza kutikisa kichwa. Halafu akapitisha brashi pale dole gumba la Msabaha lilipokuwa limesugua. Ukatokea ukingo mwembamba wa duara. Nyuma yake ukatokea mwingine, na nyuma yake mwingine, kama sahani zilizopangwa kabatini. Mwingereza alikaa kitako matopeni na suruali yake, bonge mapajani.

Ili ujue Msabaha aliijuaje fedha, lazima turudi nyuma kidogo.

Alizaliwa ndani ya moshi wa makaa. Babu yake alikuwa mfua fedha, baba yake mfua fedha, na yeye alishika nyundo kabla hajahitimu chuo cha Kurani. Kiduka chao kilikuwa Mkunazini mjini Unguja: mlango mmoja, fuawe moja ya kufulia, mivuo miwili ya kuvuvia makaa. Walifua vikuku na mitali ya miguuni, mirashi ya kunyunyizia marashi harusini, vijaluba vya tambuu, na mipini ya majambia kwa wenye nafasi zao. Fedha waliipata kwa kuyeyusha sarafu. Kulikuwa na rupia za Kihindi, na zaidi reale kubwa kubwa zenye sura ya malkia mnene wa nchi za mbali. Bibi arusi akitaka mitali, wazee wake huleta reale, na Msabaha huzitia kwenye chungu cha kuyeyushia moja baada ya moja. Aliyeyusha uso wa yule malkia mara elfu na zaidi, na hata siku moja hakuuliza ni nani.

Mapinduzi ya mwaka 1964 yalimkuta ana miaka thelathini na miwili. Hakuwa tajiri wala mwanasiasa, lakini shemeji yake alikuwa askari wa serikali iliyoondolewa, na zama zile hilo lilitosha. Asubuhi moja jirani alimpitia mlangoni akamwambia bila kusimama, "Msabaha, leo usilale hapa." Yeye na mkewe Mwanamwema waliondoka na bunda moja la nguo. Fuawe ilibaki palepale sakafuni.

Walikaa Mombasa miaka minne, kisha jamaa yao akawavuta London. Msabaha alipakia mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow. Siku zake za mapumziko alivaa koti, akaenda kwenye karakana za wafua fedha kuomba kazi. Karakana ya kwanza walimwomba cheti cha kuhitimu ufundi. Akawaonyesha mikono. Wakatabasamu kwa adabu. Ya pili vilevile. Hakwenda ya tatu. Miaka ikapita, akazaliwa binti yao Zainab, na katika miaka kumi na miwili tangu kutoka Unguja, Msabaha hakugusa fedha nyingine ila pete ya mkewe.

Sasa turudi shimoni. Wiki tatu baada ya lile bonge kuchukuliwa, mwanamke wa Kihindi aliteremka ngazi akiwa na koti jeupe na mabuti ya mpira. Chini alimkuta Balbir na Msabaha wakibishana ikiwa chai ya tangawizi hutiwa maziwa au haitiwi.

"Hamjambo," akasema. "Namtafuta yule aliyesema ni fedha."

Balbir akanyoosha kidole. "Profesa mwenyewe huyu hapa."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Msabaha, akamtazama vizuri, kwani hakuwa amewahi kuamkiwa hivyo mahali pa kazi tangu afike nchi ile.

Jina lake Sudha. Alizaliwa Mwanza, baba yake akiwa karani wa kiwanda cha pamba, akaja Uingereza kusoma kemia, na sasa alifanya kazi katika maabara ya nyumba ya makumbusho, kusafisha na kutengeneza vitu vya kale. Lile bonge lilikuwa limemshinda. Dawa kali ilitoa uchafu lakini ilikula na fedha yenyewe. Dawa dhaifu haikufanya kitu.

"Wakubwa wangu wamechoka kungoja," akasema. "Wanataka tulikate."

"Mlikate kwa nini?"

"Kwa msumeno, mzee."

Msabaha akatazama pembeni, kama mtu aliyesikia tusi. "Waambie wangoje," akasema. "Jumamosi nitakuja."

Jumamosi ile alivaa koti lake la karakana. Sudha alimpeleka kwenye chumba cheupe chenye mataa makali, na bonge lilikuwa pale katika bakuli la kioo, kama mgonjwa. Msabaha alilitazama kwanza pande zote. Akauliza ile dawa dhaifu imetengenezwa kwa nini, akaionja kwa ncha ya ulimi kabla Sudha hajamzuia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Uchachu wa namna hii. Sisi kwetu tulitumia ukwaju. Lakini wewe umeitia baridi, umeenda zako. Ipashe moto, uwe moto wa maji ya kumkogeshea mtoto. Kila saa uibadilishe. Na ukae nayo. Fedha haiamrishwi, mwanangu, inabembelezwa."

Wakakaa nayo. Msabaha aliomba kijiti cha mwanzi, akakichonga ncha mpaka ikawa nyembamba kama mwiba, akawa anapitapita katikati ya vile viduara, asisukume, akingojea vilegee vyenyewe. Adhuhuri ikapita. Karibu na alasiri, sarafu ya kwanza iliachana na wenzake ikaanguka ndani ya bakuli bila sauti.

Sudha aliisuuza, akaiweka juu ya kitambaa cheusi chini ya taa, akasogea pembeni ili mzee aione kwanza.

Ilikuwa ndogo kama ukucha wa dole gumba. Na ndani ya ukucha ule kulikuwa na mtu. Alitazama kuume, ana ndevu fupi za kusokotana, ana pua iliyonyooka, na kichwani amevaa shada la majani ambalo utepe wake umefungwa kisogoni na ncha zake zikining'inia shingoni. Ukitazama vizuri, unaona mshipa wa shingo. Ukitazama zaidi, unaona kwamba amechoka.

Msabaha alikuwa fundi, na fundi haoni picha tu. Aliona kwamba mtu fulani alichukua kipande cha chuma, akakichonga uso huu kwa kinyume, kulia kuwe kushoto na mwinuko uwe shimo, kila unywele mkato mmoja, na mkato mmoja ukiteleza, kazi ya siku nyingi imeharibika. Kisha akaweka kidonge cha fedha juu yake, akapiga nyundo mara moja. Yeye mwenyewe alijigamba Unguja nzima kwa nakshi zake. Akajiona kama mtu aliyekuwa akijivunia kisima, akapelekwa kuonyeshwa bahari.

"Nani huyu?" akanong'ona.

"Kaisari Hadriani. Alitawala Rumi, na nchi hii ikiwa chini yake."

"Sikuuliza wa kwenye sura. Nauliza aliyechonga."

"Hakuna anayejua, mzee. Majina yao hayakuandikwa."

"Tangu lini hii?"

"Miaka elfu moja na mia nane na hamsini, hivi."

Msabaha akarudi nyuma akakaa kwenye kiti. Akauliza sarafu yenyewe inaitwaje, na Sudha akamwambia kwamba Warumi waliiita denario.

"Dinari?"

"Denario. Lakini ndiyo hiyohiyo. Neno dinari limetoka hapo."

Msabaha alilijua neno lile tangu chuoni, katika aya ya mtu anayeaminiwa dinari moja asiirudishe mpaka asimamiwe. Miaka yote aliidhani dinari ni ya dhahabu, ya Waarabu, ya zamani za mitume. Kumbe neno lile lilitoka kinywani mwa watu hawa, likavuka majangwa, likavaa dhahabu njiani, likamfikia yeye mkekani Mkunazini akiwa na ubao mkononi. Na sasa mwenye neno yuko mezani anamtazama.

Usiku ule Mwanamwema alimwuliza mbona hali chakula. "Nimekutana na watu," akajibu.

Tangu siku ile kila Jumamosi ilikuwa ya maabara. Bonge lilitoa sarafu mia mbili na kumi na saba kwa muda wa miezi mitano. Shimoni kazi iliisha, zege likamwagwa, Balbir akampeleka Msabaha kwenye ujenzi mwingine huko Southall, lakini Jumamosi hakuiacha. Alikuwa halipwi, ila nauli ya treni tu. Mwanamwema alinung'unika mwanzo, kisha akaanza kumfungia mikate ya kumimina, minne yake na minne ya Sudha.

Siku moja, sarafu zikiwa zimefika mia na ushei, Msabaha alimwambia Sudha azilaze kifudifudi kwenye trei ili asione sura. Akachukua sarafu moja moja, akaikalisha juu ya ncha ya kidole, akaigonga kwa kijiti cha mwanzi, akasikiliza. Nyingine zililia kwa sauti nyembamba inayokaa hewani. Nyingine zilitoa mlio mfupi, wa kati. Nyingine zilisema *tu*, zikanyamaza. Akazipanga mafungu matatu.

"Hizi fedha yake karibu safi," akasema. "Hizi zimetiwa shaba kiasi. Na hizi, aliyezitoa alikuwa na haja. Karibu nusu yake ni shaba."

Sudha akazigeuza, akaanza kusoma majina. Alivyozidi kusoma ndivyo alivyozidi kupunguza sauti. Fungu la kwanza lilikuwa la makaisari wa mwanzo, Trajani na Hadriani na wenzao. La pili lilikuwa la waliofuata. La tatu, isipokuwa sarafu nne tu zilizopotea njia, lote lilikuwa la mtu mmoja na watu wa nyumba yake. Msabaha alikuwa amezipanga enzi za Rumi kwa sikio, bila kujua jina hata moja.

"Mzee," akasema Sudha, "haya watu wanayajua kwa mashine."

"Na fungu hili la mwisho la nani?"

Sudha aliinua sarafu moja. Uso ulikuwa wa mtu mzima, ndevu ndefu zilizogawanyika kidevuni, nywele za vifundo vifundo zimembana kichwani. "Septimio Severo. Aliongeza jeshi na mishahara ya askari, fedha ikamwishia, akachanganya shaba." Akasita. "Huyu alizaliwa Afrika."

"Afrika gani?"

"Libya ya leo. Mji wa pwani, ukiitwa Lepkisi. Wanasema mpaka anazeeka, Kilatini chake kilikuwa na lafudhi ya kwao."

"Akawa mfalme wa Rumi?"

"Akawa Kaisari wa dunia yote waliyoijua. Akaja huku na jeshi lake na mkewe na wanawe, kupigana kaskazini. Tazama nyuma ya hii, imeandikwa ushindi wa Britania."

"Halafu akarudi kwao?"

"Hakurudi. Baridi na maradhi ya miguu vilimmaliza, akafia York. Walimchoma moto kwa desturi yao, majivu wakayapeleka Rumi."

Msabaha aliichukua ile sarafu, akaiweka kiganjani, akafumba mkono. Mtu wa pwani ya Afrika, mwenye lafudhi ya kwao, amekufa kwa baridi ya nchi hii. Na uso wake umekaa miaka elfu na mia saba na zaidi ndani ya matope ya London, mpaka akaja mtu wa pwani nyingine ya Afrika na toroli kumtoa. Alifumbua kiganja akamtazama tena, na safari hii alimtazama kwa heshima, ijapokuwa alikuwa amechanganya shaba.

Wiki mbili baadaye akafanya kosa. Sarafu zilizobaki zilikuwa chache, na mkono ulikuwa umejiamini mno. Alikuwa anaitenga moja ya Yulia, mkewe Severo, mwanamke wa Sham, yaani Syria, mwenye nywele za mawimbi. Kijiti kikakwama, akasukuma. Ikasikika *ta*. Yulia alikuwa vipande viwili.

Msabaha aliweka kijiti chini. "Nimemvunja," akasema. "Miaka yote hiyo ardhini hakuvunjika, nimekuja kumvunja mimi."

Sudha hakumlaumu. Alivichukua vile vipande, akavitazama kwa kioo cha kukuza, kisha akamsogezea Msabaha kile kioo. "Mzee. Hebu tazama ndani."

Ndani palikuwa pekundu. Shaba tupu, na juu yake ngozi ya fedha nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu.

"Bandia," Sudha akasema. "Mtu wa enzi zilezile aliighushi. Zipo, tumeziona nyingine. Huwa tunaziweka kando."

Lakini Msabaha alikuwa ameinamia kioo. Alitafuta lehemu kati ya shaba na fedha, hakuiona. Alitafuta mshono, hakuuona. Fedha ilikuwa imeshika shaba kana kwamba vilizaliwa pamoja. Mwizi yule, akiwa amejificha pahala fulani, bila cheti wala karakana, alijua jambo ambalo baba yake Msabaha hakulijua.

"Alifanyaje?"

"Vitabuni wanasema aliifunga shaba kwa fedha nyembamba, akaitia moto. Ikifika kiasi fulani, pale zinapogusana zinayeyuka kabla ya wakati wake, zinashikana. Mimi nimesoma tu, sijamwona mtu akifanya."

"Moto kiasi gani?"

Sudha alimtajia namba. Msabaha akapunga mkono. "Namba hainifai. Rangi gani?"

Hilo vitabu havikusema.

Majira yale ya baridi, nyuma ya nyumba yao Hayes, katika kibanda cha kuwekea baiskeli, Msabaha alijenga jiko la makaa kwa matofali aliyopewa na Balbir. Akanunua kijiko chakavu cha fedha sokoni, akakifua mpaka kikawa chepesi kinapeperuka ukikipulizia. Akakata viduara vya shaba kutoka bomba la maji. Cha kwanza kiliyeyuka fedha yote ikamwagika majivuni. Cha pili kilitoka na malengelenge. Cha tatu, cha nne, cha saba, vyote havikufaa. Balbir alikuja kila Jumapili, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kilemba chake kimejaa majivu.

"Ulifukuzwa na dola moja," akamwambia, "sasa unataka kufungwa na nyingine kwa kutengeneza pesa za bandia?"

"Za Kaisari aliyekufa. Nani atakuja kunishitaki?"

Cha kumi na moja alikitazama bila kupepesa. Moto ulipita wekundu wa damu, ukafika wekundu wa embe linaloanza kuiva, na hapo, pembeni mwa kiduara, aliona unyevu. Fedha ilikuwa inatoka jasho. Haikuyeyuka, ilitoka jasho tu, mstari mmoja mwembamba uliozunguka ukingo na kurudi ulikoanzia. Akakiondoa motoni papo hapo.

Kilipopoa hakikuwa na mshono. Akakipiga muhuri alioukata mwenyewe kwenye msumari mnene: jina la baba yake, Faraji, kwa herufi za Kiarabu. Akakaa pale kibandani na kile kitu mkononi, na machozi yakamtoka, si kwa huzuni. Kulikuwa na mwalimu aliyekufa miaka elfu na mia saba iliyopita, jina halina, kaburi halina, mwizi tena, na amemfundisha somo kwa subira mara kumi na moja mpaka akaelewa.

Jumamosi akamkabidhi Sudha kile kiduara. Sudha akakigeuza, akakikata kati kwa ruhusa yake, akatazama kwa kioo, akainua kichwa. "Ngoja hapahapa," akasema, akatoka mbio na koti lake jeupe likipepea.

Alirudi na mkubwa wa maabara, mzee wa Kiingereza aliyekuwa haelewi kwa nini ameitwa. Sudha akaweka mezani vipande viwili vya Yulia, na kando yake vipande viwili vya kazi ya Hayes, vyote vimesimamishwa mpasuko juu. Mkubwa alitazama vyote vinne kwa muda mrefu. Akauliza ipi ni ipi. Kisha akamwuliza Msabaha alisomea wapi.

"Mkunazini," akajibu Msabaha.

Mkubwa alidhani ni chuo. Sudha hakumsahihisha.

Aliajiriwa mwezi wa tatu mwaka 1977, akakaa kwenye meza ile miaka ishirini. Wanafunzi waliokuja na shahada zao walipewa kwanza wiki mbili na Msabaha, wafundishwe kukaa na kitu bila kukisukuma. Yulia aliunganishwa, akawekwa kabatini nyuma ya kioo pamoja na wenzake mia mbili na kumi na sita. Vile vipande vya Hayes, kwa kuwa nyumba ya makumbusho haina ruhusa ya kuweka bandia bila kuiandika, vilitiwa kwenye droo na kijikaratasi: Msabaha, Hayes, 1977. Balbir alipoonyeshwa kile kijikaratasi alisema sasa serikali ina ushahidi.

Watu hudhani mtu akifanya kazi na vitu vya ajabu kila siku, ajabu humwisha. Yeye haikumwisha. Kila sarafu iliyopita mkononi mwake aliiwekea kitambaa cheusi, akaitazama kwanza kabla hajaigusa. Zainab alipokuwa mkubwa alimwuliza kwa Kiingereza, kama desturi yake, haoni uchovu kutazama wanaume walewale wenye pua kubwa? Akamjibu kwa Kiswahili, kama desturi yake, "Hakuna wawili walio sawa, mwanangu. Kila uso ni siku ya mtu mmoja aliyeinama akichonga."

Jambo moja tu lilibaki likimsumbua, na mwezi wa pili mwaka 1984 alilitimiza. Alimchukua Mwanamwema wakapanda treni hadi York, alikofia Severo.

Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Waliuliza, wakaelekezwa chini ya kanisa kuu, ambako mafundi walipochimba kuimarisha misingi walikuta kuta za ngome ya Warumi. Mwanamwema alisita mlangoni, akalishika buibui lake.

"Umenitoa Hayes kunileta kanisani, Baba Zainab?"

"Tunakwenda chini yake. Chini hakuna kanisa."

Wakashuka ngazi. Chini palikuwa na mawe makubwa ya kijivu, na taa chache. Msabaha alisimama mbele ya ukuta ule. Alivua kofia, akaivaa tena, hajui lipi ndilo la heshima kwa mtu kama yule.

"Hapa ndipo alipofia?" akauliza Mwanamwema.

"Katika mji huu. Chumba hasa hawakijui. Lakini kuta hizi aliziona."

"Usije ukamsomea Fatiha. Mtu aliyeabudu masanamu."

"Simsomei. Nimekuja kumwona tu."

Mwanamwema akauliza, "Alikuwa na mkewe?"

"Alikuwa naye. Yule Yulia niliyemvunja."

"Kutoka Sham mpaka baridi hii." Mwanamwema akautazama ukuta kwa namna nyingine. Akavua glavu, akaweka kiganja juu ya jiwe, akakiacha pale. "Maskini mama wa watu," akasema. "Nani alimpikia?"

Msabaha hakuwa amewahi kufikiri hivyo. Miaka minane amemtazama mwanamke yule, amehesabu mawimbi ya nywele zake, amemvunja na kumwunga, na hakuwahi kujiuliza alikula nini asubuhi ile mumewe alipokata roho. Akamtazama mkewe aliyesimama pale na mkono ukutani, pumzi yake ikitoka moshi, akastaajabu kuliko alivyostaajabia sarafu yoyote.

Walikaa mpaka mlinzi akaja kuwaambia kwamba wanafunga. Nje theluji ilikuwa imeanza. Wakanunua chipsi za moto, wakazila wamesimama chini ya ukuta wa mji, zikiwaunguza vidole.